Waya wa Tela

Simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mjomba hapigi simu saa hizo. Kawaida hunitafuta jioni akishakula, na huanza na salamu ndefu za watu wote wa nyumbani, mbuzi wakiwemo. Siku hiyo aliitikia shikamoo yangu haraka, akasema, "Mpwa wangu, trekta haliwaki." Akanyamaza kidogo. "Na lile friji lako nalo limezima."

Wiki tatu kabla, wakati nalifunga, lilikuwa friji letu.

Mimi nilikuwa Morogoro, mwaka wa pili wa uzamili, uhandisi wa umwagiliaji. Yeye alikuwa Kang'ata, wilayani Handeni, katikati ya shamba la mteja, analimia watu kabla ya masika. Mvua ilikuwa imewahi, ardhi ikawa tope, trekta likasimama siku mbili. Siku ya tatu kulipokauka akapanda, akazungusha ufunguo, akasikia "tk" moja tu. Basi.

Trekta la dizeli la zamani kama lile halina makuu. Likishawaka, hata betri ikifa kabisa litalima mpaka jioni. Kazi ni kuliwasha. Ndiyo maana madereva wengi huliegesha mlimani, pua ikitazama bondeni: asubuhi betri ikigoma unaachia breki, linashuka, unaingiza gia, linakohoa, linawaka. Mjomba amefanya hivyo miaka yote ninayomfahamu. Siku hiyo trekta lilikuwa tambarare. Mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue tena na mlima, kwa kuwa sasa ana betri mbili.

Mpaka anapata gari la kumwazima umeme ilikuwa saa nane mchana, na mwenye shamba alikuwa ameshaita trekta jingine. Ekari kumi na mbili zilikwenda.

Nazitaja ekari kwa sababu kwake kila kitu kina bei ya ekari. Begi langu la kwanza la shule lilikuwa robo ekari. Muhula wangu wa kwanza wa chuo ulikuwa ekari nyingi kiasi kwamba alikataa kunitajia, akasema tu kwamba ni kutoka mkuyu ule mpaka barabarani, kwenda na kurudi. Sisi Wazigua ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa pembeni anayekuja kwenye harusi na kuondoka. Nilipofaulu, lilikuwa jambo lake. Nilipotaka kuendelea na uzamili, watu walisema nimeshasoma vya kutosha, nitafute kazi. Yeye aliuliza kitu kimoja: huko Morogoro wanalimia trekta gani?

Msimu wa kulima hakai nyumbani. Kurudi kila jioni ni kuchoma dizeli bure, na kuliacha trekta porini peke yake ni kuwaachia wezi betri na mafuta. Analala kwenye tela. Ni tela la magurudumu mawili, limefunikwa turubai, ndani kuna kitanda cha mbao, mapipa ya dizeli, gunia la unga, spana, nati za plau ndani ya kopo la maziwa, na utingo ambaye analala chini ya tela akidai ndani kuna harufu. Wanahama shamba hadi shamba, mwezi mmoja, wakati mwingine miwili.

Miaka mitatu iliyopita alianza kulima mistari iliyopinda. Hiyo ndiyo dalili iliyotushtua, si kiu wala kwenda haja ndogo usiku kucha, maana hayo aliyaficha. Mwenye shamba mmoja alimpigia mama simu, akamwambia kwa adabu kwamba kaka yako siku hizi analima kama anakwepa nyoka. Macho yalikuwa hayaoni vizuri kwa sukari. Sasa anajichoma insulini asubuhi na jioni, na mistari imenyooka.

Lakini insulini ina masharti. Chupa isiyofunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na isigande. Ikishafunguliwa hutumika kama wiki nne, mradi isikumbane na joto kali. Mjomba akienda msimu hubeba chupa kadhaa, kwa sababu huko aendako dawa si kitu cha kwenda kununua jioni kwa baiskeli. Alizitunza kwenye mtungi: mtungi mdogo ndani ya sufuria ya mchanga, mchanga unamwagiwa maji kila asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Nilipouona mara ya kwanza niliumia. Nilimwona mtu aliyenilipia ada akihifadhi uhai wake kwenye chombo cha bibi yake, na nikaamua kwamba mtungi ni aibu yangu.

Nikanunua friji dogo la gari, la mtumba, linalotumia volti 12, na betri ya ampea 70. Mtu yeyote atauliza kwa nini sikununua sola. Tulikuwa nayo. Paneli ya kwanza iliibwa mchana, wakati wote wawili wako kwenye plau, wamegeuza mgongo. Halafu kuna jambo ambalo hata isingeibwa lingebaki: tela linaegeshwa chini ya mti ili dawa isipate joto, na paneli haifanyi kazi chini ya mti. Basi nikatazama trekta. Lina altaneta, linazunguka siku nzima, umeme upo. Kilichobaki ni kuufikisha nyuma.

Nilifunga kwa nusu siku. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, mwekundu, mita tisa, kutoka kwenye chanya ya betri ya trekta, kupitia chini ya kiti, juu ya pini ya tela, mpaka kwenye sanduku la mbao nyuma. Njia ya kurudi sikuiwekea waya. Chasi ya tela ni chuma, pini ni chuma, trekta ni chuma. Umeme utajirudia wenyewe. Taa ya friji ikawaka kijani. Mjomba akapiga makofi mawili. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Baada ya simu ile ya alfajiri nilipanda basi kupitia Chalinze na Mkata, nikafika Handeni giza limeingia, na asubuhi nikamalizia kwa pikipiki. Nilikuwa nimeazima mita ya kupimia umeme kutoka kwa rafiki aliyesoma mambo hayo kweli. Sikulala vizuri. Kilichonisumbua zaidi ya ekari kumi na mbili ni zile chupa. Friji lililozima, ndani ya tela, chini ya turubai, mchana wa Handeni, ni sanduku la kuoka. Nilifika, nikasalimia, nikaenda moja kwa moja kulifungua. Lilikuwa tupu.

"Nilizirudisha kwenye mtungi juzi," alisema mjomba. "Nilipoona maji ya kunywa yanatoka vuguvugu."

Juzi ilikuwa siku moja kabla ya kunipigia.

Tuliwasha trekta, nikapima. Kwenye betri ya mbele mita ilisoma volti 14.1, sawasawa kabisa. Nyuma, kwenye betri ya tela, 12.6. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye matope. Betri ya asidi haijai kwa volti 12.6, inahitaji kusukumwa kwa 14 hivi. Kwa wiki tatu betri ya nyuma ilikuwa inaonjeshwa umeme, hailishwi. Usiku friji lilipoimaliza, liliendelea kunyonya ile ya mbele kupitia waya wangu mwekundu, maana niliziunganisha moja kwa moja, hakuna mlango kati yao. Siku mbili za tope zilitosha.

Volti moja na nusu ilipotelea wapi? Nilichukua kipande cha waya, nikakiunganisha kutoka chasi ya tela hadi chasi ya trekta, nikairuka pini. Nyuma ikapanda hadi 13.1. Maana yake nusu volti ilikuwa inaliwa na pini peke yake: kutu, grisi, rangi, na kule kuchezacheza kwake barabarani. Volti moja iliyobaki ililiwa na waya, kwa sababu ni mwembamba na ni mrefu.

Sasa aibu yenyewe. Tasnifu yangu inahusu upotevu wa shinikizo kwenye mabomba. Nimeandika kurasa thelathini na kitu kuhusu jinsi pampu inavyoweza kusukuma vizuri kabisa na mkulima wa mwisho kwenye mstari akapata maji ya kulowesha vidole, kwa sababu bomba ni jembamba na safari ni ndefu, na kadiri unavyotaka maji mengi ndivyo bomba linavyokula zaidi. Ningeulizwa swali hilo la bomba ningelijibu usingizini. Waya ulipokuwa mbele yangu nilichoona ni waya. Nilimweleza mjomba hivyo, nikitegemea atacheka. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi ni yule mkulima wa mwisho?"

Sikuwa na la kujibu. Nilikunja waya.

Wakati wa kuukunja tukaona kitu kingine. Mahali ulipopita juu ya pini, ganda lilikuwa limesagika na shaba inaonekana, inang'aa, umbali wa kidole kutoka kwenye chuma. Waya wa nyumba ni mshipa mmoja mgumu. Umetengenezwa kukaa ndani ya ukuta, si kurukaruka barabarani. Na sikuwa nimeweka fyuzi. Ungegusa chuma, betri nzima ingejimwaga kwenye waya ule, ungekuwa mwekundu kama kaa la moto, ukipita chini ya kitanda cha mbao, kando ya mapipa ya dizeli. Mjomba aliugusa ule mchubuko kwa kidole gumba. Hakusema neno. Utingo ndiye aliyesema, kwamba kumbe ni heri alivyokuwa anachagua kulala chini.

Kesho yake tulikwenda Korogwe, kilometa 65 hivi kwa lami kutoka Handeni mjini. Mjomba anasema fundi umeme wa magari lazima apatikane kwenye barabara kuu, kwa sababu malori hayasubiri. Fundi tuliyemkuta alikuwa ndani ya kabati la umeme la basi, tunaona miguu tu. Nilimwelezea kupitia miguu. Nilitumia maneno mengi: upinzani, urefu, mchanganuo wa upotevu. Nilimwambia nimeshajua tatizo, nahitaji waya mnene tu, wa milimita 16, kwenda na kurudi, mita kumi na nane.

Miguu iliuliza, "Tela linafungwa kwenye trekta masaa mangapi kwa siku?"

Nilitaka kujibu mara moja. Halafu nikamtazama mjomba, na mjomba alikuwa ananitazama mimi, kwa uso wa mtu ambaye alikuwa anasubiri swali hilo kwa wiki tatu na hakutaka kuwa yeye wa kuliuliza.

Trekta linapolima halivuti tela. Linavuta plau. Tela linaachwa chini ya mti asubuhi na linabaki pale siku nne, tano, mpaka kazi ya shamba hilo iishe. Kwenye hesabu zangu zote trekta na tela vilikuwa vimeshikana kuanzia asubuhi mpaka jioni, kama kwenye picha niliyoituma kwenye kundi. Ndiyo, jioni mjomba alikuwa analirudisha trekta, anachomeka, analiacha linguruma nusu saa kwa ajili ya friji langu, anachoma dizeli yake. Wala hakuniambia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema nilikuwa na furaha sana.

Fundi alitoka ndani ya basi. Alikuwa kijana, labda ananizidi miaka miwili. Alichora kwenye vumbi kwa bisibisi. Acha kusafirisha umeme, alisema, safirisha betri. Nunueni betri ya pili kama ile. Moja inapanda kwenye trekta, ndani ya boksi la chuma pembeni ya kiti, mita moja na nusu tu kutoka altaneta, inajazwa wakati mnalima. Nyingine iko kwenye tela na friji. Jioni mnabadilishana. Friji dogo kama lile, likikaa kivulini na halifunguliwi ovyo, linakula kama ampea 30 kwa siku nzima, usiku na mchana. Betri ya 70 inatoa hizo bila kushuka chini ya nusu, na trekta linazirudisha kwa siku moja ya kazi. Waya mnene tutauhitaji, lakini mfupi. Alikata wa mashine ya kuchomelea, wenye nyuzi nyingi laini unaokubali kutikiswa, wa kwenda na wa kurudi, kwa sababu chasi, alisema, ni ya kushikia kiti.

Kati ya betri ya trekta na ile ya abiria aliweka rilei. Ni swichi inayofungwa na umeme badala ya kidole. Kidole chake kinatoka kwenye waya wa taa ya chaji kwenye dashibodi: altaneta ikizalisha, rilei inaziunganisha betri mbili, injini ikizimwa, inazitenganisha, na hakuna anayemnyonya mwenzake. Kisha fyuzi mbili, moja kila mwisho wa waya. Niliuliza kwa nini mbili. Hapo niliuliza kweli, si kujionyesha. Akasema waya wako una chemchemi pande zote mbili. Ukiziba moja tu, ukikatika katikati utaungua kwa maji ya upande wa pili. Alisema "maji". Mimi ndiye ninayesomea maji.

Bei aliitaja kwa shilingi. Mjomba aligeuza kichwa kidogo, akapiga hesabu, akasema, "Ekari tatu na nusu. Si mbaya."

Njiani kurudi nilimwambia kitu ambacho nilikuwa nimekisoma ile usiku nisiyolala. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti walioufanya kutokana na hali ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako familia nyingi hazina friji. Waligundua kwamba insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu zake. Kwa hiyo mtungi, kwa chupa iliyofunguliwa, haukuwa na kosa lolote. Friji ni kwa zile za akiba. Nilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri.

"Kwa hiyo bibi yangu alikuwa sawa," alisema.

"Kwa chupa moja, ndiyo."

"Nilikuwa na chupa nne."

"Ndiyo maana kuna friji, mjomba."

Alifikiri kidogo. Basi letu lilikuwa limesimama kupakia mihogo. "Ungenieleza hivyo tangu mwanzo," alisema, "ningekuambia trekta halivuti tela."

Nilikaa Kang'ata siku tano zaidi kuliko nilivyoruhusiwa na ratiba yangu. Nilitaka kuona betri zikibadilishana mara kadhaa kabla ya kuondoka. Boksi la chuma tulilifungia kwenye bawa la gurudumu kwa bolti nne na mpira wa tairi chini yake. Siku ya kwanza lililia kama debe, tukaongeza mpira. Kipimajoto kidogo nilichokitumbukiza kwenye friji kilisoma nyuzi 5, kesho yake 5, keshokutwa 6 kwa sababu utingo aliweka soda. Chupa tatu ndani ya friji, zimefungwa taulo zisigusane na ukuta wa ndani ambako baridi ni kali, maana insulini iliyoganda haifai tena. Chupa ya nne, inayotumika, iko kwenye mtungi. Mjomba hulowesha mchanga mwenyewe. Hampi mtu kazi hiyo.

Jioni ya mwisho wateja walikuwa wameshaondoka na vumbi limetulia. Utingo alifungua vichwa vya betri, akabeba moja kifuani, akarudi na nyingine, analalamika uzito. Nilipima ile iliyotoka kwenye trekta baada ya kuiacha ipumzike kidogo.

"Inasemaje?" mjomba aliuliza, akiwa ameketi kwenye ndoo, shati limefunguliwa upande wa tumbo, sindano mkononi.

"Kumi na mbili nukta saba. Imejaa."

"Na ile ya trekta yenyewe?"

"Nayo imejaa. Zimetengana. Friji haliwezi kuigusa."

Akajichoma, akashusha shati, akarudisha chupa mtungini na kuufunika kitambaa. Kisha akapanda kwenye trekta, likawaka mara moja, akalizungusha shamba zima, taratibu, mpaka kwenye kile kijimlima kilicho kando ya njia. Akaliegesha pale, pua ikitazama bondeni, akaweka jiwe mbele ya gurudumu.